Mtani Aliyelala Kwenye Kaburi la Baba

Jeneza la baba yangu lilikuwa linasubiri kushushwa, bendera ya taifa juu yake, askari wamenyooka pande zote mbili. Mara mzee mmoja mwenye koti la kahawia akatoka katikati ya watu, akashuka kaburini, akalala chali.

Akafumba macho kabisa.

Kapiteni akamwambia atoke. Mzee akajibu kutoka chini kwamba humo ndani ni pazuri, pana baridi, na marehemu hastahili kupewa mahali pazuri hivyo.

Jamani, msiseme natunga. Haya yametokea hapa hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, mwaka huu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kitambaa cheusi kichwani.

Naitwa Rosine. Nasuka nywele karibu na soko, kwa hiyo hadithi za watu nazisikia kutwa nzima, na nyingi zimejaa chumvi. Hii sitaitia chumvi. Ilivyo inatosha.

Baba yangu aliitwa Pontien. Mtaani walimwita Ajida, maana hicho ndicho cheo alichotoka nacho jeshini. Aliingia jeshi akiwa kijana, enzi za Zaire, akatoka akiwa mzee mwenye mguu mmoja usiokunjika. Kati ya hapo kuna vita, na vita vyenyewe hakuwa anavisimulia. Ukimuuliza, anakuuliza na wewe kama umekula.

Sasa, hapa kwetu askari wazee wanakufa hovyo. Nisameheni, lakini ndivyo ilivyo. Mtu amelinda nchi ujana wake wote, akifa anazikwa haraka haraka, watu wanarudi kazini. Hata wa kusema kwamba huyu alivaa gwanda hayupo.

Halafu akaja kapiteni mpya aliyepewa kazi ya kuwaangalia wastaafu. Akatangaza kwamba kuanzia sasa askari mzee akifa, jeshi litamzika. Bendera juu ya jeneza, tarumbeta, bunduki kupigwa hewani, hotuba. Heshima zote.

Baba alikuwa tayari kitandani. Habari ile ilimfanya akae. Akamtuma kaka yangu Cédrick kambini akahakikishe, na Cédrick aliporudi na jibu kwamba ni kweli, baba akaomba uji, akaumaliza. Siku nyingi alikuwa hajamaliza kitu. Akatuambia anataka kuzikwa hivyo, na jeshi. Hakuwahi kutuomba kitu kingine.

Akafa mvua zikiwa zimepamba moto.

Tukaambiwa yeye atakuwa wa kwanza. Askari mzee wa kwanza hapa Kalemie kuzikwa na bendera kwa mpango ule. Unaelewa maana yake kwa familia ya Ajida ambaye watoto wa mtaa walikuwa wanaigiza anavyochechemea? Mimi nilijiona nimekua urefu.

Ila kulikuwa na shida moja. Watani.

Ngoja niwaeleze wale msiojua. Sisi ni Watabwa, asili yetu Kirungu, kule kwenye milima ya Marungu, upande wa Moba. Kwetu mtu hazikwi na ndugu zake. Anazikwa na watani. Ukoo wenu una ukoo mwingine mnaotaniana nao tangu mababu, na siku ya msiba hao ndio wanaochimba kaburi, wanaoosha maiti, na kumtukana.

Ndiyo, kumtukana. Wanamwigiza marehemu. Wanasema alikuwa mlafi, mwoga, anakoroma mpaka mbuzi wanakata kamba. Mwingine anaweza kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka aahidiwe kuku. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu msiba.

Mtani wa baba alikuwa Papa Josias. Alishuka kutoka Kirungu miaka mingi iliyopita, anakaa kwa binti yake kule mtaa wa Kataki, upande wa pili wa mji. Alikuwa anakuja kwetu karibu kila wiki, anakaa na baba barazani, wanatukanana mpaka chakula kinapoa. Baba hakucheka na mtu mwingine kama alivyocheka na yule mzee.

Cédrick anafanya kazi bandarini, ofisini, na viatu vyake siku zote vinang'aa. Akasema safari hii hakuna watani. Maofisa watakuja, watu wa mji watakuja, halafu mtu alale kaburini akidai kuku? Akaenda mwenyewe kwa Papa Josias kumwambia aje kama mgeni, akae kwenye kiti, anyamaze. Kaburi litachimbwa na askari.

Mama yangu, Mama Pétronille, alipopata habari alimwita Cédrick chumbani, na mimi nilikuwepo.

"Mutoto wangu, hii kifo haiko ya kwako," akamwambia. "Ni ya watani. Unafukuza wenye kazi yao."

"Mama, jeshi halina watani," Cédrick akasema.

Mimi nilikuwa upande wa Cédrick. Nilitaka ile bendera, na nilitaka ipepee bila vituko. Hata jeneza tulilichagua kwa kufikiria bendera. Fundi alituuliza kama apake vanishi kifuniko, tukamwambia aache, kitafunikwa.

Basi siku ikafika.

Watu walijaa. Wa reli, wa bandari, wateja wangu, wanakwaya, hata watu ambao hawajawahi kutupa mkono walikuja kuona. Askari walishuka kwenye lori wamepiga pasi. Kapiteni alikuwa mbele yao.

Jina lake Kapiteni Jovial, yaani mchangamfu kwa Kifaransa. Nilijiuliza aliyempa jina hilo alikuwa anamwona nani, maana tangu afike Kalemie hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Mtu wa mkoa wa Équateur, mbali kaskazini, mrefu, Kiswahili amejifunzia kazini. Lakini alitusalimia kwa heshima, akamshika mama mikono miwili, akamwambia jeshi limechelewa kumshukuru mume wake.

Mama alilia hapo. Hata mimi.

Padri akamaliza sala. Kapiteni akasoma hotuba fupi. Mpiga tarumbeta akalamba midomo. Hapo ndipo Papa Josias aliposhuka kaburini.

Watu wa Moba waliokuwepo walielewa mara moja, lakini waliwaangalia askari, wakaona ni afadhali kunyamaza. Wengine wote walishika vinywa. Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka, naye ni mama yangu. Alicheka machozi yakiwa bado mashavuni, kama desturi inavyotaka.

Kapiteni akamgeukia Cédrick, akamuuliza huyu mzee ni nani.

Cédrick akasema hamjui.

Mzee aliyempakata akiwa mtoto! Nilimwangalia kaka yangu, nikaona jasho limeshuka mpaka kwenye tai. Mama ndiye aliyejibu. Akasema huyu ni mtani wetu, ni desturi, Kapiteni amwache kidogo atatoka mwenyewe. Kapiteni akaitikia kwa kichwa, akawaambia askari wasubiri. Kwa kweli alijitahidi.

Papa Josias akakaa kitako humo humo kaburini, akainua uso kwa watu waliozunguka ukingo.

"Munataka kumupigia Pontien bunduki?" akasema. "Pontien na bunduki wapi na wapi? Huyu alitupa bunduki yake porini. Alikuja kwetu mikono mitupu, shati hana, anatembea kama mwizi wa kuku."

Watu wakacheka. Sasa hata wa mji walikuwa wameelewa mchezo, na mzee aliigiza vizuri, mikono juu, macho yamemtoka. Mimi mwenyewe nilicheka. Baba kama mwizi wa kuku!

Kapiteni hakucheka. Akasogea ukingoni, akauliza ni wapi hapo.

Papa Josias akamjibu. Kirungu, wakati wa vita, korongo lililo nyuma ya kilima, kabla ya njia kugawanyika. Bunduki iko chini ya mawe mpaka leo, kutu imeshaila. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na kicheko cha watu kikaanza kupungua. Mtani akisema uongo hatoi maelekezo.

Kapiteni akamuuliza mama kama anajua habari hiyo. Mama alikuwa ameacha kucheka. Akasema hajui lolote, na ni kweli hakujua.

Kapiteni akainua mkono, mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta. Akaenda pembeni na simu yake. Sisi tulibaki tumesimama na jeneza letu. Aliporudi alizungumza na mama, si na Cédrick.

"Mama, askari kuacha silaha yake na kutoka kwenye kikosi, kwetu ni kosa kubwa. Siwezi kumupigia saluti mbele ya hawa vijana. Nitawafundisha nini? Kama ni utani tu, muzee aseme sasa kwamba amedanganya. Tutaendelea."

Kila kitu kikawa mdomoni mwa mzee mmoja aliyekaa kaburini.

Cédrick akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, suruali ya suti na viatu vyake vyote. Yule yule aliyesema hamjui.

"Papa Josias, sema ni utani. Neno moja tu, Papa. Nakuomba."

Papa Josias alimwangalia. Uso wake ulikuwa umebadilika, hakukuwa na mchezo tena.

"Siku zingine nadanganya, mutoto wangu," akasema. "Leo sidanganyi."

Askari wawili wakaja, wakaivua bendera. Waliikunja kwa adabu, sitawasingizia, kona kwa kona. Chini yake kikaonekana kile kifuniko ambacho hatukukipaka vanishi, mbao nyeupe zenye alama za randa. Mji mzima ulikiona. Nilisikia aibu ambayo sijui niielezeje, nikavua kitenge changu cha juu nikaenda kukitandaza pale.

Nilimchukia yule mzee. Ningekuwa na jiwe mkononi, sijui.

Askari walikuwa wameshageuka kwenda kwenye lori, na Papa Josias akapaza sauti.

"Munakwenda wapi? Sijamaliza kumutukana."

Kapiteni akasimama.

Na mzee akaanza kusimulia, bado amekaa shimoni, mikono juu ya magoti. Kikosi cha baba kilikuwa kinarudi nyuma kupitia milimani. Majeruhi walikufa njiani, sita, na amri ikawa kuendelea na safari, kuwaacha pale njiani bila hata kufunikwa. Pontien akaenda nao kidogo. Kisha akarudi peke yake.

Alihitaji watu wa kumsaidia kuchimba, ardhi ya kule ni mawe. Lakini kijiji kilikuwa kimekimbia askari, watu wamejificha vichakani wanamtazama. Aliita, hakuna aliyetoka. Nani angetoka mbele ya mtu mwenye bunduki? Wakati ule kila mwenye bunduki alikuwa amekuja kuchukua mbuzi au mtoto wa mtu.

"Njo hapo akaitupa," Papa Josias akasema. "Tuliona inashuka kwenye korongo. Akavua shati ya jeshi, akainua mikono. Mi njo nilitoka. Nikamuuliza ukoo. Aliposema ukoo wake nilicheka mpaka nikakohoa. Askari bila bunduki, na ni mutani wangu!"

Wakachimba, wakawaosha wale sita. Na kabla ya kuwashusha, Papa Josias akauliza watani wa hawa ni nani. Baba akamjibu kwamba hawa wametoka mbali, huku hawana mtani. Mzee akasema haiwezekani mtu azikwe bila kutukanwa, kama vile hana kwao. Akamwambia baba amweleze tabia zao, atawatukana yeye.

Pale shimoni akaanza kutukana watu waliokufa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Léon, wa Ankoro kule mtoni, aliyejisifu kwamba amezaliwa ndani ya mtumbwi na kumbe hawezi kuogelea. Aristide, mrefu, aliyekula posho za wenzake akisema tumbo lake ni refu kama miguu yake. Michel, aliyeimba vibaya mpaka kamanda akampa adhabu. Akaenda hivyo mpaka wa sita, jina na kwao na upumbavu wake. Hakusitasita hata mara moja.

Kapiteni alisimama na bendera iliyokunjwa kwapani.

Akauliza, "Majina yote unayakumbuka?"

"Nitasahauje mutu niliyemutukana?" mzee akajibu.

Nilidhani sasa atairudisha bendera. Nilisubiri. Niliwaza atageuka tu, aitandaze, tarumbeta ilie, mambo yaishe.

Hakuirudisha. Alimwinamishia mama kichwa, akapanda lori, lori likaondoka.

Papa Josias akatoka kaburini akijipangusa udongo, akadai kuku wake, mama akamwahidi. Kisha akawaita watu wa Moba, wakashika kamba, wakamshusha baba. Walifanya kazi yao vizuri na walimtukana mpaka mwisho. Sikusikia hata neno.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mji huu kwa maneno mnaujua. Lililobaki mdomoni mwa watu ni moja tu, kwamba Ajida alitupa bunduki. Wale sita hawakuwa habari. Mteja akikaa kwenye kiti changu ananipa pole kwa sauti ya chini, halafu ananyamaza sana. Bandarini mtu mmoja alimwita Cédrick mtoto wa mtoro, wakashikana mashati. Mama akaanza kukaa ndani.

Papa Josias alikuja kutusalimia. Nilimfungia mlango mchana kweupe. Niliapa sitamsalimia mpaka naingia kaburini, na humo nisingemkaribisha.

Kisha siku moja baada ya misa akaja Kapiteni Jovial, amevaa kiraia, peke yake. Nilimpa kiti lakini sikumpa maji. Akaniomba nimwite mama.

Akasema ameuliza kwa wakubwa kuhusu yale majina sita. Jeshini wamehesabiwa kuwa wamepotea. Familia zao ziliambiwa hivyo.

"Mama, mutu aliyepotea hawezi kufanyiwa matanga," akasema. "Mama ya Léon yuko hai, Ankoro. Mpaka leo hajalia. Anaona akilia atakuwa amemuua mutoto wake mwenyewe."

Mama yangu akafunika uso na kitenge.

Kapiteni alitaka kwenda Kirungu, na alitaka mtu wa familia aende naye. Cédrick akasema hana la kufanya na jeshi tena. Mama miguu ilikuwa imevimba. Nikabaki mimi, na mtu wa kutuonyesha njia ni yule yule niliyemfungia mlango.

Tukachukua boti mpaka Moba. Papa Josias alitapika safari nzima, na mimi nilikaa upande wa pili nikiangalia maji. Mungu anisamehe, niliona ni haki yake.

Kirungu kuna baridi. Kutoka Moba unapanda, na kila unapopanda unaongeza nguo. Tulikuwa sisi watatu na askari wachache, mmoja na tarumbeta yake. Mzee alitangulia kwenye njia nyembamba, haraka, bila kuuliza mtu. Watoto wa kijiji wakakimbia walipoona magwanda, kisha wakubwa wakamtambua Papa Josias, wakawaita warudi.

Makaburi yalikuwa pembeni ya shamba la maharage. Mawe yamepangwa, nyasi zimekatwa. Mwenye shamba alisema jembe lake halijawahi kuvuka hapo, baba yake alimkataza.

Kapiteni alitaka bunduki zipigwe hewani, kama inavyotakiwa. Papa Josias akamshika mkono. Akamwambia akipiga hata moja atabaki peke yake pale kilimani, kijiji kizima kitaingia porini na wajukuu mgongoni. Watu hawa hawajui bunduki ya heshima.

Kapiteni akafikiri. Akawaambia vijana waweke bunduki chini, kwenye majani.

Bendera ilikuwa moja. Waliitandaza juu ya kaburi la kwanza, Kapiteni akataja jina na cheo, tarumbeta ikalia, Papa Josias akatukana. Kisha wakaiinua, wakaipeleka kwenye kaburi la pili. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeharakisha. Wanawake wa kijiji walikuja, wakapiga mayowe ya msiba kwa watu wasiowajua. Kwenye kaburi la Aristide, mzee aliposema udongo wa hapo umeshuka kwa sababu marehemu anaendelea kula, Kapiteni Jovial akacheka. Alicheka kweli, akainamisha kichwa, na alipokiinua nikaona kwamba alikuwa analia pia.

Baadaye nikamkuta Papa Josias amekaa kwenye jiwe, amechoka. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na swali nililolibeba tangu siku ya mazishi.

Nikamuuliza kwa nini. Wale sita angeweza kuwataja siku yoyote nyingine. Kwa nini alichagua ile, siku pekee ya baba yangu, akamvua bendera mbele ya mji mzima?

Akajigeuza kwenye jiwe, akanitazama.

"Baba yako njo alinituma," akasema.

Nikamwambia asinitanie.

"Sikutanii. Ulidhani alitaka bendera? Alitaka kapiteni. Aliporudi kikosini walidhani bunduki ilipotea vitani. Alijaribu zamani kusema kambini. Wakamuambia waliopotea wamepotea, na akisema sana watauliza bunduki yake iko wapi. Mi nilikwenda pia, wakanifukuza kwenye mulango. Muzee wa Kirungu nani anamusikiliza? Lakini kaburini mutani hafukuzwi. Aliposikia jeshi litakuja kumuzika, aliniita. Akasema, Josias, siku ile maofisa watasimama, hawataweza kuondoka. Utasema."

Nikamuuliza kama baba alijua kwamba watamvua bendera.

"Mi nilimuambia. Nikasema Pontien, ukianza na bunduki watakuvua, watoto wako watapata aibu. Tuanze na wale sita, ya bunduki tuifiche. Akakataa. Akasema, ukificha ya bunduki, watauliza nani aliwazika na alitokaje kikosini, watasema muzee anaota. Sema yote. Akasema, mi nitakuwa nimezikwa na watu wangu. Wale hawana mutu."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia sisi, watoto wake.

"Nyiye mulitaka bendera," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Nililia pale kilimani kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Nilikuwa nalia kwa hasira pia, sitaficha. Hasira na baba, kwamba alitutumia. Alituacha tusimame mbele ya lile jeneza bila kujua. Mpaka leo sijaimaliza hasira hiyo, na sijapunguza kumpenda baba kwa sababu yake.

Tulipokuwa tunashuka nilimweleza Kapiteni. Alimtazama mzee aliyetangulia mbele. Kisha akaniambia ameomba kwa wakubwa kwamba jina la Ajida lisafishwe, apewe heshima yake. Bado hawajajibu. Alipoandika sababu ya kuacha silaha, mmoja wa wakubwa alimpigia simu akamuuliza kama kweli anataka kuweka jina lake kwenye jambo hilo. Aliliweka.

Nyumbani nilimsimulia mama na Cédrick. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tumkamate jogoo mkubwa. Cédrick alimchukua jogoo chini ya kwapa, akaenda kwa miguu mpaka Kataki, akivuka mji mzima na viatu vyake vya ofisini. Alirudi jioni macho mekundu, akisema mzee amemtukana kuanzia utosini mpaka unyayoni.

Habari zilitufikia baadaye kutoka Ankoro. Mama yake Léon ameambiwa mtoto wake alipo. Akauliza kama alioshwa, akauliza kama kulikuwa na mtu wa kumtania. Alipojibiwa ndiyo, akakaa chini akaanza kulia, na majirani wakaja na mikeka. Kilio cha zaidi ya miaka ishirini.

Ndugu yangu uliyesoma mpaka hapa, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuvaa gwanda, usimuulize aliua wangapi wala alipata nishani gani. Kaa naye, muulize alimzika nani na alimwacha nani njiani. Muulize akiwa bado anaweza kujibu mwenyewe, usisubiri mpaka mtu mwingine alazimike kulala kaburini mwake ndipo usikie.

Kaburi la baba yangu halina bendera mpaka leo, na inaniuma. Naidai na nitaendelea kuidai. Lakini mteja akinong'ona siku hizi, simwachi anong'one. Nasimamisha kitana na kumjibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ndiyo, baba yangu alitupa bunduki. Alihitaji mikono yote miwili.